Wa Kwanza ni Wewe

Machi 4, Jumanne

Kitabu hiki kilikuja ndani ya katoni la betri za majaribio, zawadi ya wauzaji. Kina tarehe kila ukurasa na utepe mwekundu wa kuwekea alama. Binti yangu alitaka kukitupa kwa sababu mwaka umeshaanza. Nikamwambia lete huku, kitu chenye utepe mwekundu hakitupwi. Mimi nimeishia darasa la saba, lakini mwandiko wangu mwalimu alikuwa akiupitisha dawati kwa dawati wengine wauone. Basi nitaandika, ili siku kampuni ya mwanangu ikishakuwa kubwa na watu wakitaka kujua ilianzaje, wasiende kuwauliza majirani. Majirani zangu nawajua.

Ilianzia sebuleni kwangu. Makochi niliyatoa, zulia nikalikunja, kabati la vyombo likahamia chumbani, sasa nalala na vikombe. Sebuleni pamekuwa karakana: meza mbili ndefu, waya za kila rangi, harufu ya chuma. Wapo wawili tu, yeye na mchomeleaji mmoja mtu mzima tunayemwita Cheche, ambaye nyusi zake ziliungua zamani na hazikurudi. Wawili tu, na wanatengeneza baiskeli za umeme! Mtaa mzima unamwita binti yangu Injinia. Mimi ni Mama Injinia. Jina langu la zamani limestaafu.

Kazi zangu ni mbili. Nashona viti na mikoba ya nyuma, na nakaa mlangoni na daftari la oda. Wateja wa kwanza watakuwa kumi na mmoja. Wanaagiza kabla baiskeli hazijatengenezwa, wanatanguliza kidogo, halafu wanangoja.

Machi 7, Ijumaa

Leo Injinia ameipitisha mtaani ile baiskeli ya mfano, waliyoiunda kwa majaribio. Jirani yangu wa ukuta, yule ambaye mwanawe yuko ng'ambo na hajui anafanya kazi gani huko, alikuwa anafua. Baiskeli ikampita nyuma bila sauti. Aligeuka ikiwa imeshafika mbele, beseni likamponyoka.

"Kitu gani hicho, jini?"

"Ni mwanangu," nikamwambia.

Hata mimi lakini nilisisimka kidogo. Kitu kizito kile, kimebeba mtu, kinapita kama hakipo. Mpaka kimekwenda ndipo unajua kilikuwepo.

Jioni Injinia aliniketisha kama mwanafunzi. "Mama, mtu akiuliza lini, sema kati ya wiki nane na wiki kumi na sita, na huenda zaidi. Betri zinatoka mbali. Asiyeweza kungoja asiagize, na aliyeagiza akichoka anarudishiwa chake bila maneno. Sema hivyo hivyo, usiongeze chumvi."

Nikasema sawa. Lakini jamani, nani anauza kitu kwa "huenda"? Mtoto amefaulu mitihani yote, halafu mlangoni kwake mama yake akae akisema huenda?

Machi 10, Jumatatu

Oda nne. Mkunga wa zahanati, muuza maziwa, mpiga picha, na mwanamke anayeuza maua makaburini.

Nimegundua dawa. Mtu anapouliza lini nasema yale maneno ya Injinia, na uso wake unaanguka. Mkunga alikuwa ameshaanza kufunga mkoba wake aondoke. Nikamvuta kiganja, nikamnong'oneza: "Shoga, wewe nitakuweka wa kwanza. Ila usimwambie mtu." Uso ukarudi, akaandika jina.

Sikumwambia uongo. Ya kwanza si lazima iende kwa mtu?

Muuza maziwa naye nimemwambia hivyo hivyo.

Machi 12, Jumatano

Mvi za Cheche zimeshika moto kidogo. Tumecheka.

Leo ameandikishwa mtu wa tisa. Ni mzee, alikuwa tarishi wa ofisi miaka thelathini, amestaafu lakini watu bado wanamwita Mzee Tarishi. Magoti yamekwisha kwa kupeleka barua za watu. Mkewe amelazwa hospitali ya kule juu kilimani tangu mwaka jana, na kuona wagonjwa ni saa kumi mpaka saa kumi na moja, dakika haizidi. Magari yanazunguka nyuma ya kilima, na mvua ikinyesha hayapandi kabisa. Yeye huenda kwa miguu kila siku. Anapita hapa kwetu saa tisa na robo, anafika juu saa kumi kamili.

"Dakika arobaini na tano, mama," akasema. "Zamani ilikuwa ishirini. Kila mwezi kilima kinarefuka."

Hakuuliza lini. Wa kwanza huyo ambaye hakuuliza. Alisimama tu akiitazama ile ya mfano, akaibonyeza kengele mara moja, kwa adabu, kama anabisha hodi. Moyo wangu ukayeyuka. Nikamwambia mwenyewe bila kuulizwa: "Mzee, wa kwanza ni wewe."

Machi 17, Jumatatu

Kumi na mmoja wametimia, daftari limefungwa. Kuanzia leo Injinia anahesabu wiki. Amebandika karatasi ukutani kwa herufi kubwa: HATUAHIDI TAREHE. Mimi nimetundika kalenda juu yake. Kalenda ina picha ya maua, inapendeza zaidi.

Ya mfano wameifungua vipande vipande ili wachukue vipimo. Inauma kuiona mezani hivyo.

Machi 20, Alhamisi

Mvua imeanza.

Machi 22, Jumamosi

Mvua.

Aprili 3, Alhamisi

Betri zimezuiliwa forodha. Zimekosa karatasi moja. Injinia amewaandikia wateja wote ujumbe: betri zimekwama, hatujui ni mpaka lini, samahani, anayetaka kujitoa aseme. Mimi singeandika. Nguo chafu mtu anaifulia ndani.

Muuza maziwa alikuja na gumboti zake. "Mama Injinia, na ule wa kwanza wangu?"

"Upo palepale. Mvumilivu hula mbivu."

"Mbivu zenyewe zikioza je?"

Nikamwambia maziwa ndiyo yanaoza, baiskeli haiozi. Akacheka, akaondoka. Nimejaliwa ulimi, hilo nakiri.

Aprili 11, Ijumaa

Mzee Tarishi amepita akiwa ameloa mpaka mifupani. Nilimwita aingie anywe chai, akakataa, atachelewa. Jana alifika saa kumi na dakika ishirini kwa sababu ya matope, mlinzi akamruhusu kwa kumhurumia, maana aliyechelewa haingizwi. Amemwambia siku nyingine akipitisha nusu saa asimlaumu, amri ni amri.

"Bibi anasemaje?" nikauliza.

"Anauliza baiskeli. Kila siku ananiuliza. Nimemwambia mimi ni wa kwanza. Amewaambia manesi wote."

Sasa mtu akikwambia hivyo unamjibu nini? Unamwambia huenda? Mdomo wangu ulifunguka wenyewe: "Ijumaa ya tarehe ishirini na tano, Mzee. Njoo mapema uichukue."

Alishika fremu ya mlango. Aliitikia kwa kichwa mara mbili, akashika njia.

Kwa Injinia sijasema. Wiki mbili ni nyingi, Mungu si mwanadamu, betri zitatoka.

Aprili 16, Jumatano

Hazijatoka.

Aprili 22, Jumanne

Hazijatoka. Nimeshona kiti cha Mzee kwanza, kwa ngozi laini kuliko zote. Nimemtilia pamba mara mbili kwa ajili ya mifupa yake.

Aprili 25, Ijumaa

Naandika haraka.

Injinia na Cheche waliondoka alfajiri kwenda forodha. Nilibaki peke yangu. Asubuhi nzima nilikuwa najiambia nitamtuma mtu akamzuie Mzee asije, nikashona, nikafagia, nikashona tena, mchana ukaingia.

Alikuja saa nane na nusu. Amenyoa ndevu. Amevaa shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakata, na suruali mguu wa kulia ameifunga kwa mpira kifundoni ili isinaswe na mnyororo. Huo mpira ndio ulionimaliza. Kama angekuja hivi hivi ningemwambia ukweli. Lakini mtu aliyefunga suruali yake?

"Injinia yuko njiani nayo," nikasema. "Kaa, Mzee, dakika chache tu."

Akakaa kwenye benchi karibu na mlango. Nikamwekea chai. Nikaanza kuongea. Nilimweleza jinsi Injinia alivyofungua redio ya marehemu baba yake akiwa na miaka saba na kuirudisha, ikaimba vizuri kuliko mwanzo. Nilimweleza zawadi alizopata shuleni, moja moja. Nilimweleza mwalimu aliyeniita ofisini, mimi nikadhani mtoto ameiba, kumbe anataka kumshika mkono mama aliyemzaa. Mzee alikuwa akiitikia, "Alaa," "Hongera mama," macho yako barabarani.

Saa tisa na robo ilifika. Ndiyo saa yake ya kupita. Akaitazama saa ya ukutani, akanitazama.

"Sasa hivi, Mzee."

Saa tisa na nusu, mvua ikaja. "Sasa hivi. Mvua imewachelewesha, lakini ukiwa juu ya ile baiskeli kilima utakipanda kama unashuka." Saa kumi kasoro kumi nikasema sasa hivi. Saa kumi. Nilikuwa nasikia sauti yangu kama ya mtu mwingine aliyeko chumba cha pili, na sikujua namna ya kumnyamazisha.

Saa kumi na dakika ishirini akasimama. Akaweka kikombe juu ya benchi, taratibu, asikipige.

"Basi labda kesho," akasema.

"Kesho kabisa, Mzee. Wa kwanza ni wewe."

Akapanda mvuani na mpira wake mguuni. Nilimtazama mpaka kona.

Injinia amerudi jioni, mikono mitupu. Wameambiwa warudi wiki ijayo. Amechoka mtoto. Ameniuliza kuna aliyekuja. Nimesema hakuna.

Aprili 26, Jumamosi

Mzee hakupita leo. Mvua kubwa, labda ndiyo sababu.

Aprili 28, Jumatatu

Mkunga ndiye aliyeniambia, amesimama mlangoni anakung'uta mwavuli, anasema kama mtu anayesema bei ya sabuni. Mke wa Mzee Tarishi amefariki Ijumaa. Saa kumi na moja na nusu hivi. Mzee alifika juu saa kumi na moja na dakika chache, lango limefungwa, akakaa chini ya paa la kibanda cha mlinzi mvua ipungue. Alikuwa bado yuko hapo walipotoka kumtafuta ndugu yeyote wa marehemu.

"Maskini," Mkunga akasema, "siku zote anawahi, siku hiyo sijui alipita wapi."

Nikasema, "Hata mimi sijui."

Hivyo ndivyo nilivyosema. Nimeandika hapa ili liwe mahali fulani.

Aprili 29, Jumanne

Nimekwenda msibani. Nilikaa nyuma na wanawake. Mzee alinishika mkono kama alivyowashika wote.

Mei 1, Alhamisi

Saa tisa na robo nilisikia viatu. Mguu wa kulia anauvuta kidogo, kwa hiyo matope yanatoa sauti mbili zisizofanana. Nikainua kichwa kutoka kwenye cherehani. Alikuwa yeye, anapita, amevaa shati lile lile, anapanda kilima.

Nikajiambia anakwenda kuchukua vitu vya marehemu.

Mei 2, Ijumaa

Amepita.

Mei 3, Jumamosi

Amepita. Saa tisa na robo kamili.

Mei 5, Jumatatu

Amepita. Cheche naye amemwona. "Huyu mzee anakwenda kumwona nani tena?" Injinia akaacha bisibisi, akaja dirishani, akatazama mpaka alipopotea. "Hakuna," akasema. "Anakwenda tu."

Betri zimetoka. Karakana imekuwa arusi, Cheche anaimba. Nimepiga vigelegele kwa sababu walikuwa wananitazama.

Mei 8, Alhamisi

Leo nilisikia viatu, nikainua kichwa, barabara ilikuwa tupu. Saa ilikuwa tano asubuhi.

Mei 9, Ijumaa

Injinia aliingia kutoka uani, akasimama. "Mama, unaongea na nani?"

Nilikuwa nimesema "sasa hivi, Mzee." Nilikuwa nashona, na nilikuwa nimelisema kwa sauti, kwa benchi.

Benchi nimelitoa nje nyuma ya nyumba. Pale lilipokuwa sakafu ina rangi nyingine. Wateja wanaoingia wanapazunguka, hawajui kwa nini.

Mei 13, Jumanne

Ningekuwa na ile ya mfano ikiwa nzima siku ile ningempa. Lakini hata hilo najidanganya. Alihitaji neno la kweli, hakuhitaji baiskeli. Wiki nane mpaka kumi na sita, huenda zaidi. Angelisikia hilo angeondoka saa tisa na robo kama kawaida yake.

Amepita.

Mei 17, Jumamosi

Leo nitaandika yote, hata yasiyonipendeza.

Ya kwanza imekamilika jana. Buluu, imeng'aa, kiti changu kimekaa kama kimezaliwa nayo. Cheche, kwa furaha, amekwenda kumwambia muuza maziwa, na muuza maziwa ni gazeti la mtaa. Saa nane mchana nikaona mkunga anakuja, amevaa viatu vya mpira. Nyuma yake muuza maziwa. Mpiga picha na kamera yake. Mwanamke wa maua. Wakaingia wengine wawili kwa pamoja, wanatazamana. Kufikia saa tisa walikuwa kumi sebuleni kwangu, kila mmoja anatabasamu, kila mmoja anamwonea huruma mwenzake.

Muuza maziwa ndiye aliyeanza. "Haya, jamani, nashukuru mmekuja kunisindikiza."

"Kukusindikiza wapi?" mkunga akauliza.

"Kuchukua yangu. Mimi ndiye wa kwanza."

"Wewe? Kaka, wa kwanza mimi. Tangu Machi."

"Samahani," mpiga picha akasema, "mimi nimeambiwa nisimwambie mtu, lakini..."

Wakaanza kucheka. Kicheko kikaenda kikazunguka chumba, kikarudi kikiwa si kicheko. Mwanamke wa maua, ambaye huwa hasemi, akasema polepole, "Baiskeli yangu ya zamani niliigawa. Niligawa kwa sababu uliniambia wa kwanza. Wiki ya saba hii naburuta maua kwa mkokoteni." Vichwa kumi vikanigeukia. Injinia alikuwa wa mwisho kugeuka.

"Mama. Nani uliyemwambia ni wa kwanza?"

Ulimi wangu niliojaliwa ulikuwa wapi? "Wote," nikasema.

"Wote kumi?"

"Kumi na mmoja."

Mwanangu hakupaza sauti. Angepaza ningemjibu, mimi kwa kelele nina kipaji. Alikwenda ukutani, akaishusha kalenda ya maua, karatasi yake ikabaki inaonekana: HATUAHIDI TAREHE. Akasoma kwa vidole vyake, kama hakuiandika yeye.

"Leo ni wiki ya tisa," akasema. "Nilisema nane mpaka kumi na sita. Mama, mimi sikuchelewa. Sikuchelewa hata siku moja. Wewe ndiye uliyenichelewesha kwa watu hawa wote, kila siku, tangu Machi."

Nilitaka kusema nilifanya kwa ajili yako. Halafu nikasikia viatu. Mguu mmoja, halafu ule unaovutwa. Nikadhani nasikia peke yangu, kama siku zile, lakini mkunga akageuka mlangoni, na muuza maziwa, na wote. Mzee Tarishi alikuwa anapita. Hakutazama ndani. Saa tisa na robo.

"Na huyo, ambaye hayupo hapa ndani," muuza maziwa akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "naye ulimwambia?"

Ndipo nikasema. Nilisema Ijumaa ile yote: tarehe niliyompa, chai, redio, zawadi za shule, sasa hivi, sasa hivi. Nilisema suruali iliyofungwa kwa mpira. Nilisema nilivyomjibu mkunga mlangoni, mkunga akiwa amesimama pale pale. Nilipomaliza, mkunga alikuwa anatazama sakafu, pale penye rangi nyingine.

"Mpeni mzee," akasema.

Hakuna aliyebisha. Waliondoka mmoja mmoja. Wawili wamejitoa, Injinia amewarudishia chao bila maneno, kama alivyoahidi.

Mei 18, Jumapili

Injinia hasemi nami. Amepika, amenipakulia, ameniwekea maji ya kunawa. Hasemi.

Mei 19, Jumatatu

Hasemi. Mzee amepita.

Mei 20, Jumanne

Asubuhi Injinia alihamisha daftari la oda kutoka meza yangu kwenda yake. Nikamwambia, "Sawa, mwanangu." Akasimama hapo kidogo.

"Mama, unajua kwa nini niliandika huenda?"

"Kwa sababu hukujua."

"Kwa sababu sikujua. Nilikuwa naogopa, usiku na mchana. Lile neno ndilo lilikuwa linanisitiri. Wewe ulikuwa unalionea aibu."

Miaka yote nimemsifu kwa anayoyajua. Sikuwahi kumsikiliza alipokuwa hajui.

Mei 21, Jumatano

Injinia mwenyewe amempelekea Mzee baiskeli nyumbani. Amemfundisha kuwasha, kuzima, kuchaji. Amesema Mzee aliipokea kwa mikono miwili, akasaini, akamshukuru, hakuuliza lolote.

Mei 22, Alhamisi

Saa tisa na robo. Anapita na baiskeli. Anaisukuma, hakuipanda. Anatembea kando yake, ameshika usukani, kama mtu anayemsindikiza mgonjwa.

Cheche alitoka mbio akidhani imeharibika. Mzee akamwambia haina neno.

Mei 26, Jumatatu

Anaisukuma.

Mei 30, Ijumaa

Ya tatu imetoka, mwanamke wa maua ameichukua. Aliniletea shada dogo, akaliweka mezani bila kusema ni la nini. Mvua zimepungua. Mzee anaisukuma yake.

Juni 3, Jumanne

Nilimngoja Mzee nje. Nilivaa viatu vya kutembelea. Alipofika nikamwamkia, akaitikia, akaendelea, nami nikaenda kando yake. Baiskeli ilikuwa katikati yetu.

"Mzee, kwa nini huipandi? Ina kasoro?"

"Haina. Nimeijaribu siku ya kwanza, alfajiri, mtu asinione. Dakika sita, mama. Dakika sita mpaka langoni." Akaipitisha baiskeli kando ya dimbwi. "Sasa nikiipanda nafika. Nikifika nifanye nini?"

Kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikumtafutia mtu jibu. Tulipofika kona, nyumba yangu ikaonekana chini, nikasema nilichokuja kusema. Kwamba Ijumaa ile hapakuwa na baiskeli. Kwamba nilijua tangu asubuhi. Kwamba nilimweka bure.

"Najua," akasema.

"Umeambiwa na mkunga?"

"Nilijua siku ile ile. Alfajiri nilikutana na Injinia stendi, anakwenda forodha. Aliniambia betri bado, Mzee, ndizo nazifuata. Binti yako hana maneno mengi, lakini akisema, limesemwa." Akabadilisha mkono kwenye usukani. "Nikaenda nyumbani, nikanyoa, nikaja."

"Kwa nini sasa, Mzee?"

"Magoti yalikuwa yanauma toka alfajiri. Mwaka mzima nimepanda. Siku ile moja sikutaka. Nilitaka mtu aniambie kaa." Akanitazama, macho yake makavu kabisa. "Wewe ukaniambia kaa."

Tukaendelea. Nilitaka kulia lakini pumzi haikutosha kwa kazi mbili. Kona ya pili nilishika kiti cha baiskeli, nikidhani nasaidia kusukuma, kumbe nimekishikilia nisianguke. Tope limekauka juu, chini bado linateleza. Kila ukidhani umefika, njia inakunja, inaanza upya. Wanaoshuka walikuwa wanamwamkia kwa jina lake la kweli, ambalo mimi, mwenye daftari, sikuwahi kulisoma vizuri.

Langoni mlinzi alisimama, akavua kofia. Mzee aliegemeza baiskeli ukutani, akakaa chini ya paa la kibanda, akanipisha nafasi. Nikakaa. Saa kumi wakafungua lango, watu wakaingia na vikapu vyao. Saa kumi na moja wakafunga. Tukashuka.

Nimeishi chini ya kilima hiki miaka ishirini na sita, nimewaelekeza watu njia ya hospitali mara ngapi sijui, nikiwaambia ni hapo hapo tu, mnafika sasa hivi. Leo ndiyo mara ya kwanza nimekipanda kwa miguu yangu. Ni kirefu. Ni kirefu sana.